Nyumba Hii Haiuzwi, Sehemu ya Tisa: Nusu Yetu, Nusu Yako

Aliyekuwa juu ya paa la Nesi, aking'oa mabati mchana kweupe, alikuwa Kinyozi.

Naam, Kinyozi yuleyule! Wewe uliyenisimamisha sokoni ukaapa kwamba ni vibarua wa kampuni, pole. Na wewe uliyesema ni mwizi, pole zaidi. Alikuwa Kinyozi, miguu peku, misumari mdomoni, akichomoa bati moja baada ya jingine na kulishusha kwa kamba polepole, kama mtu anayeshusha mgonjwa.

Mama Cherehani alisimama chini, mkasi wa kukatia vitambaa ungali mkononi.

"We Kinyozi! Umerogwa?"

"Mama, usinipigie kelele, nitaanguka."

"Anguka! Nani kakutuma uezue nyumba ya watu?"

Kinyozi alitema misumari kiganjani. Hakumtazama.

"Mwenyewe," alisema. "Kanituma mwenyewe."

Kwa msomaji ambaye gazeti la leo ndilo lake la kwanza, sikiliza upesi maana hatuna muda. Mtaa huu ulikuwa na nyumba arobaini na moja. Kampuni ya kujenga maghorofa ikautaka mtaa mzima. Nyumba thelathini na nane ziliuzwa, zikavunjwa, zikawa kifusi. Zikabaki tatu: ya Mama Cherehani, mjane anayeshona nguo katika chumba chake cha mbele, ya Nesi mstaafu, iliyoshikana na hiyo ukuta kwa ukuta, na ya Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Watatu hao waliapa kwamba hakuna atakayeuza. Mama Cherehani akachukua brashi, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wenzake wakaazima brashi ileile.

Sasa Mama Cherehani aliingia kwa Nesi bila kubisha hodi.

Nesi alikuwa ameketi juu ya sanduku, amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi, vile alivyostaafu navyo. Kuta zilikuwa tupu. Juu, palipokuwa na bati, palikuwa na mbingu.

"Kaa, mdogo wangu."

"Sikai. Dada, umeuza?"

"Nimeuza."

"Lini?"

"Jana, ulipokwenda kununua zipu."

Mama Cherehani alitaka kusema neno baya. Alilitafuta, akalikosa.

"Tuliapa watatu, dada. Wewe ndiye uliyeanza."

"Niliapa." Nesi alijifuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Hebu niambie. Nguzo ya umeme waliing'oa lini?"

"Ijumaa ya wiki ya juzi."

"Siku kumi na mbili. Dawa yangu ya sukari inakaa wapi?"

"Kwenye friji."

"Na friji inaendeshwa na nini? Na kiapo?"

Mama Cherehani aliushusha mkasi.

"Nimejaribu mtungi," Nesi alisema. "Nimeizungushia chupa kitambaa kibichi. Nimeombaomba barafu buchani mpaka wamenichoka. Juzi nilijidunga dawa iliyokwishaharibika. Nilianguka pale, unapaona? Pale chini. Nilikugongea ukutani, mdogo wangu. Niligonga na kugonga. Cherehani ilikuwa inalia, hukunisikia."

Mama Cherehani akaketi sakafuni, palepale, bila kuambiwa mara ya pili. Alikumbuka ile juzi. Alikuwa akishona sare za shule, anakanyaga pedali kwa furaha, anaimba.

"Ningekuja," alisema.

"Najua ungekuja."

Nesi alimshika mkono, akatafuta mshipa wa damu kwa kidole kama alivyozoea kwa wagonjwa, akauacha.

Ndipo honi ikalia nje.

Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba, na nyuma yake trekta lenye mkono wa chuma. Akashuka mtu mmoja wa kampuni, mwembamba, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Mtaa ulimwita Bwana Tabasamu. Siku alipokuja kukata maji alitabasamu. Siku waliyoing'oa nguzo alitabasamu, akauliza na hali za watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba" ilimtoka Mama Cherehani kwa mazoea, akaijutia.

"Nimekuja kukutoa wasiwasi. Hatuigusi nyumba yako. Leo tunavunja yetu tu, hii tuliyonunua kwa Nesi."

"Vunjeni. Acheni ukuta huu."

"Ukuta huu ni wa nyumba yetu, mama."

"Ukuta huu umebeba paa langu!"

"Ndiyo maana nimekuja mimi. Mwingine asingekwambia, ungeshtukia paa liko kichwani."

Mama Cherehani hakubishana. Alivuta tepu yake ya kupimia kutoka shingoni, akampa Kinyozi, aliyekuwa ameshashuka paani, ncha moja, naye akashika nyingine. Wakaanzia kwenye jiwe la mpaka lililochimbiwa mbele ya nyumba, wakaenda mpaka kwenye tofali la kwanza. Tepu haikutosha; wakaweka alama, wakaendelea. Miaka thelathini alikuwa amepima watu viuno na mabega bila kukosea hata kidole.

Alipima. Akapima tena.

Ukuta wote ulikuwa ndani ya kiwanja cha Nesi. Wote, haukubaki hata unene wa uzi. Marehemu mumewe, siku anajenga, alikuta ukuta wa jirani umeshasimama, akaona tofali za nini, akaegemeza nyumba yake hapo kwa ruhusa ya mdomo na kicheko.

"Umeona?" Bwana Tabasamu alisema kwa upole. Akapokea simu, akasogea pembeni.

Msimamizi wa vibarua, jitu la miraba minne lenye sauti iliyokauka kwa vumbi, alimkaribia.

"Mama, ondoa vitu vilivyoegemea ukuta huu. Naanza saa nane." Kisha akashusha sauti. "Kimbia ofisi ya ardhi. Wakikupa karatasi ya kusimamisha, nasimamisha, naapa. Bila karatasi, mimi ni mtu wa kuambiwa tu."

Ilikuwa saa tano unusu. Mama Cherehani alivaa viatu njiani.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na benchi moja na watu wa benchi nne. Alisukuma, akaomba radhi, akasukuma tena, mpaka akafika dirishani. Karani aliyekuwa ndani, kijana mwenye miwani, alikuwa ameketi wima kama aliyegandishwa kwenye kiti.

"Nataka faili la kiwanja changu. Wanavunja ukuta saa nane."

"Njoo kesho."

"Kesho ukuta haupo!"

"Faili liko kabati la nyuma, mama. Siwezi kulifuata."

"Huwezi au hutaki?"

Karani alitazama kushoto, akatazama kulia. Masikio yalimwiva. "Siwezi," alinong'ona. "Suruali imenichanika. Nyuma. Tangu asubuhi sijainuka."

Mwingine angecheka. Mama Cherehani alipeleka mkono kwenye ukosi wa blauzi yake, ambako sindano yenye uzi haikosekani, akazunguka kaunta kama anayeingia kwake.

"Inuka. Geukia ukutani. Usipumue."

Mishono ishirini, mifupi, ya kushonea nguo nzito. Akakata uzi kwa meno. Wakati Mama Cherehani anatoka nyuma ya kaunta, karani huyo alikuwa ameshafungua kabati, mtu mpya kabisa, anatembea.

Faili likawekwa mezani. Karani akafunua karatasi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alisimama. Uso ukambadilika.

"Mama, hati hii ina majina mawili."

"Najua. Marehemu mume wangu, na jina lake lilishahamishiwa kwangu. Na la mdogo wake. Kiwanja waliachiwa wote wawili na baba yao. Shemeji yangu anaishi mbali, nyumba hii haijui hata mlango wake ulipo."

"Shemeji yako hayumo tena humu."

"Kafa?"

"Hajafa." Karani aligeuza faili ili asome mwenyewe. "Kauza."

Msomaji, shika kiti chako! Pale palipokuwa na jina la shemeji palikuwa na jina la kampuni, na muhuri wa serikali juu yake, wino wa bluu, umekolea. Tarehe ilikuwa ya siku tisa zilizopita. Siku tisa alizopika, akashona, akalala, akijiona mwenye nyumba!

Alipiga simu pale pale, vidole vikikosea namba.

"Shemeji?"

"Shemeji yangu! Mmeshahama salama?"

Mama Cherehani alitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Tuhame twende wapi?"

"Huko mlikopata. Yule bwana aliniambia umeshakubali. Alisema wewe umemaliza kila kitu, ni mimi tu ninayekuchelewesha, eti unalala vibaya kwa ajili yangu. Nikaona aibu, shemeji. Nikasema mjane wa kaka yangu asihangaike kwa sababu yangu."

"Na ukaona sahihi yangu?"



"Niliona karatasi. Miwani sikuwa nayo. Alinisomea yeye."

"Alikuwa anatabasamu?"

"Sana. Shemeji... hukukubali?"

Alisikia mtu mzima akianza kulia kwenye simu, akilia vibaya, kwa kwikwi, akimwita kaka yake aliyekufa. Alitamani kumkaripia. Hakuwa na nguvu hizo. Alisema tu, "Nyamaza, shemeji, watu watakusikia," akakata.

"Anasema alidanganywa," alimwambia karani. "Futeni."

"Muhuri umeshapigwa, mama. Ukishapigwa haufutwi hapa. Ni mahakamani, naye mwenyewe afungue kesi."

"Basi nipe karatasi ya kusimamisha ukuta. Hiyo tu. Nusu ni yangu bado!"

"Nusu ni yako. Andika ombi. Kamati inakaa baada ya wiki mbili." Karani alimtazama, akatazama suruali yake iliyoshonwa, akainamisha kichwa. "Mama, ningekuwa na uwezo, wallahi ningekuandikia hata kwa damu. Muhuri wenyewe unafungiwa kwa bosi."

Aliandika ombi. Mwandiko ulikwenda upande kama wa mtoto. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro robo.

Njiani hakukumbuka alichopanda wala alichovuka. Alijikuta kwenye kona ya mtaa anakimbia, mtandio umemwanguka, akitega sikio asikie sauti ya chuma kwenye tofali. Palikuwa kimya. Kimya hicho kilimtisha kuliko kishindo. Wameshamaliza, aliwaza. Wameshamaliza, wanakula.

Akapinda kona.

Ukuta ulikuwepo!

Ulisimama mzima, haujapungua tofali, na maandishi yake mekundu pembeni. Trekta lilikuwa limezimwa. Vibarua walikuwa wamekaa kivulini, mmoja amejilaza kofia usoni. Mama Cherehani alishika magoti, akavuta pumzi, na tangu asubuhi akacheka kwa mara ya kwanza. Alicheka mpaka machozi.

"Umesimamisha!" alimwambia msimamizi. "Mungu akubariki, baba. Umesimamisha bila karatasi!"

Jitu lile halikucheka.

"Si mimi, mama. Tumepigiwa simu. Tusiuguse."

"Nani kasema?"

Msimamizi alielekeza kidevu mlangoni kwa Mama Cherehani.

Palikuwa na lori. Limeegeshwa kinyumenyume, mkia wake umeelekea kwenye kizingiti chake. Ndani yake mlikuwa na godoro lililokunjwa kwa kamba, ndoo mbili, sufuria, sanduku la fundi viatu lenye nyundo na soli kuukuu. Na juu ya godoro, amekaa mwanamke kijana na mtoto mchanga aliyefungwa ndani ya khanga mpaka puani. Kando yake bibi kizee, mama mkwe wake, miguu imemvimba kama magogo.

Mama Cherehani aliwafahamu. Nani mtaani asingewafahamu? Ni mke wa Fundi Viatu. Walikuwa wapangaji katika nyumba ya kwanza kabisa kuvunjwa. Mwenye nyumba aliuza, akaenda zake. Mpangaji hana cha kuuza, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kitu. Tangu hapo familia ile ilikuwa ikilala chini ya turubai nyuma ya kifusi, na mtoto yule alizaliwa humo humo siku kumi na moja zilizopita. Mama Cherehani mwenyewe alimshonea nguo ya kwanza, kwa kipande kilichobaki cha shuka.

"Mama," yule mwanamke alisema, na uso ulimchanua, "sijui nikushukuru vipi. Mume wangu yuko kazini, jioni atakuja akuangukie miguuni mwenyewe. Wametuambia umekubali kutupokea."



Bwana Tabasamu alitoka nyuma ya lori. Mkononi alikuwa na chaki.

"Karibu, mama. Nadhani ofisini umeshaelezwa."

"Mlimdanganya shemeji yangu."

"Hayo ni yako na shemeji yako. Mimi nina nusu ya nyumba. Nikajiuliza, niifanyie nini nusu hii? Nivunje ukuta? Nikaona hapana, kuna watu wanateseka pale kwenye turubai. Nimewapa wakae. Bure."

Kinyozi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya chumba chake cha kunyolea kisicho na umeme, taulo begani. Alianza kuvuka.

"Chumba cha mbele ni kimoja na cha nyuma ni kimoja," Bwana Tabasamu aliendelea. "Sikuona haki mmoja achukue cha mbele chote. Nimepiga mstari katikati."

Mama Cherehani alichungulia ndani mwake. Mstari mweupe ulianzia mlangoni, ukapita sakafuni, ukapita chini ya meza ya kukatia, ukagawa chumba mpaka mwisho. Sare za shule zilizokuwa zimekunjwa upande ule zilikuwa zimehamishwa upande huu. Zilikuwa zimepangwa vizuri, kwa adabu kabisa.

"Kuna kakaratasi kadogo tu," alisema Bwana Tabasamu, akafungua faili. "Unakiri kwamba nyumba ni ya wawili na kwamba umeridhia igawanywe. Ukitia sahihi, hawa wanashuka sasa hivi. Usipotia, siwezi kuwaingiza, nitakuwa nimevunja sheria. Nitawarudisha nilikowatoa."

"Warudishe wapi?" Mke wa Fundi Viatu aliinuka nusu juu ya godoro. "Turubai mmelichana! Asubuhi, mlipokuja kutuchukua, mmelichana!"

"Usitie sahihi!" Kinyozi alipaza sauti kutoka katikati ya barabara. "Mama, usithubutu! Nusu ikishagawanywa, wataivunja yao siku yoyote wakitaka, na yako itaanguka yenyewe! Ndicho wanachokitaka!"

"Kinyozi ana haraka," Bwana Tabasamu alisema. "Hatuvunji leo."

"Na kesho?" Mama Cherehani aliuliza.

Bwana yule alifikiri kidogo, kwa heshima, kama mtu asiyependa kusema uongo bila sababu.

"Kesho pia hatuvunji," alisema.

Upepo ulivuma, ukabeba vumbi la nyumba thelathini na nane. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya boneti ya lori, likafuatiwa na jingine. Bibi kizee alifunika kichwa chake kwa kiganja, kiganja kimoja, halafu akakitoa na kumfunika nacho mjukuu.

Mtoto alikohoa. Kikohozi kikavu, kidogo, cha kifua kisichozoea hewa.

Mama Cherehani aligeuka kumtafuta Nesi. Angejua kikohozi kile ni cha nini. Lakini mlango wa Nesi ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na sanduku wala mtu. Alikuwa ameshaondoka na mabati yake.

Akamtazama msimamizi. Jitu lile lilikuwa likitazama viatu vyake.

"Mama?" mke wa Fundi Viatu aliita. Sasa alikuwa ameelewa. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mama, kwani hukukubali?"

Mvua ikaongeza kasi.

"Usitie, mama!" Kinyozi alikuwa ameshafika kando ya lori, amelowa, anahema. "Nimebaki na wewe tu. Ukitia, mimi nabaki na nani?"

Bwana Tabasamu alifungua mwavuli. Akaukinga juu ya karatasi, ili wino usitawanyike, akanyoosha kalamu.

Mama Cherehani aliipokea.